Waraka Usivurugike Njiani: Kutoka LibreOffice, Google Docs na WPS Hadi Word

"Mwanangu, barua hii nyumbani ilikuwa ukurasa mmoja. Mbona hapa imekuwa miwili, na sahihi yangu imebaki peke yake kule nyuma?"

Swali hili nimelisikia mara nyingi mno nikiwa kwenye meza ya saiba hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Analiuliza mzee wa kamati ya msikiti, analiuliza mwanafunzi wa chuo kule Tudor aliyeleta ripoti ya mafunzo ya kazini, analiuliza dada aliyeandika CV kwa simu ndani ya matatu akitoka Bamburi. Wote wameandika vyema. Waraka umevurugika njiani, kati ya programu moja na nyingine, na mara nyingi wanaligundua hilo dakika kumi kabla ya ofisi kufungwa.

Iliyoniuma zaidi ni ya kikundi kimoja cha kina mama waliotaka kupeleka bei za upishi katika ofisi fulani. Jedwali la bei lilipangwa kwenye laptopu yenye LibreOffice, likafunguliwa kwa Word mahali pengine, likaprintiwa bila kutazamwa. Safu ya mwisho, ile yenye jumla, ilitoka nje ya karatasi. Bahasha ikafungwa, ikapelekwa, ikarudishwa: bei hazijakamilika. Kazi ya wiki nzima ikapotea kwa sababu ya upana wa jedwali. Tangu siku hiyo nimekuwa nikieleza mambo haya kwa kila anayekaa karibu nami, na sasa nayaandika ili ukayafanye mwenyewe nyumbani kabla hujapanda gari kuja mjini.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye LibreOffice au Word. LibreOffice ni ya bure na inakubali Windows, Linux na Mac.
- Akaunti ya Google, kwa ajili ya kufanyia majaribio kwenye Google Docs hata kama hutaitumia kuandikia.
- Nakala ya waraka wako. Usifanye marekebisho haya kwenye faili la pekee ulilo nalo. Linakili kwanza, ulipe jina jingine.
- Nusu saa kwa waraka wa kurasa chache. Ripoti ndefu iliyopangwa ovyo itakula asubuhi nzima, na ni bora ujue hilo mapema.
- Jibu la swali hili: anayepokea waraka atausoma na kuuprinti tu, au ataandika ndani yake?

Kwa nini waraka hubadilika

Faili la Word au la LibreOffice halina picha ya ukurasa ndani yake. Lina maandishi na maagizo: hapa fonti (yaani muundo wa herufi) fulani, hapa nafasi ya kiasi fulani, hapa jedwali la safu nne. Programu inayolifungua ndiyo inayoyasoma maagizo hayo na kuuchora ukurasa upya. Ni kama kupeleka vipimo vya kanzu kwa mafundi wawili. Vipimo ni vile vile, lakini kila fundi ana mkono wake na kitambaa alichonacho dukani. PDF ni kanzu iliyokwisha kushonwa: ukimpa mtu, anaivaa kama ilivyo.

Aina za mafaili utakazokutana nazo ni chache. `.doc` ni ya Word ya zamani, hadi toleo la 2003. `.docx` ilikuja na Word 2007, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO. `.odt` ndiyo ya LibreOffice, nayo ilipata kiwango chake cha ISO mwaka 2006. Word inaweza kufungua `.odt`, na LibreOffice inaweza kufungua `.docx`. Kufungua si tatizo. Tatizo ni kufungua na kuona kile kile alichokiona mwandishi.

Hatua ya 1: Amua waraka unakwenda kwa nani

Kama mpokeaji atasoma au kuprinti tu, faili la mwisho litakuwa PDF. Barua ya maombi, CV, risiti, mwaliko, kumbukumbu za mkutano zilizokwisha kupitishwa: PDF.

Kama mpokeaji ataandika ndani yake, mathalani msimamizi wako wa chuo anayesahihisha ripoti, au mwenzako wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini anayejaza sehemu yake, basi tumia `.docx`, na mkubaliane nyote kubaki na `.docx` tangu mwanzo hadi mwisho. Faili linaloandikwa `.odt` leo, likageuzwa `.docx` kesho, likapakiwa Google Docs keshokutwa na kushushwa tena, ni kama mzigo unaovushwa Likoni kila siku ukipakiwa na kupakuliwa. Kila kivuko hudondosha kitu.

Hatua ya 2: Weka karatasi ya A4 kabla ya neno la kwanza

Printa zetu zina karatasi za A4, milimita 210 kwa 297. Lakini programu iliyosakinishwa kwa mipangilio ya Marekani hukupa karatasi yao, Letter, yenye milimita 216 kwa 279. Tofauti ya urefu ni milimita 18, yaani mistari mitatu hivi kila ukurasa. Kwenye ripoti ya kurasa 30 hiyo ni tofauti ya kurasa nzima, na orodha ya yaliyomo yote inakuwa uongo.

1. Word: nenda Layout, kisha Size, chagua A4.
2. LibreOffice: nenda Format, kisha Page Style, kwenye kichupo cha Page chagua A4.
3. Google Docs: nenda File, kisha Page setup, chagua A4, halafu bofya Set as default ili usilirudie jambo hili kila mara.
4. Hapo hapo weka pambizo, yaani nafasi tupu za kingo, za sentimita 2.5 kila upande. Kumbuka nambari hii, tutairudia kwenye majedwali.

Hatua ya 3: Chagua fonti inayopatikana kila mahali

Hapa ndipo vurugu nyingi zinapoanzia. Fonti usiyokuwa nayo haiwezi kuonyeshwa, kwa hiyo programu huchukua nyingine iliyo karibu. Ikiwa herufi za hiyo nyingine ni pana kidogo tu, mstari unavunjika mahali pengine, aya inaongezeka mstari, na sahihi ya mzee inasukumwa ukurasa wa pili.

Word ilitumia Calibri kama fonti ya kuanzia tangu 2007. Kuanzia 2023 matoleo mapya yakahamia Aptos. Word ya zamani haina Aptos, kwa hiyo CV iliyoandikwa kwenye laptopu mpya ya shemeji yako inaweza kubadilika sura ikifunguliwa kwenye kompyuta ya miaka kumi iliyopita. Wewe usiiachie programu ikuchagulie.

Ushauri wangu ni mmoja: tumia Times New Roman au Arial kwa kila kitu rasmi. Si kwa sababu zinapendeza kuliko nyingine. Ni kwa sababu zimo katika kila Windows, zimo katika Google Docs, na LibreOffice ina mbadala wake wenye herufi za upana ule ule kabisa. Mbadala hizo ni hizi:

- Times New Roman hubadilishwa na Liberation Serif
- Arial hubadilishwa na Liberation Sans
- Courier New hubadilishwa na Liberation Mono
- Calibri hubadilishwa na Carlito
- Cambria hubadilishwa na Caladea

Kwa kuwa upana ni ule ule, mistari huvunjika pale pale hata fonti ikibadilishwa. Kama unatumia Linux na waraka wa Calibri unakuja umetawanyika, sakinisha Carlito na Caladea kwanza, kisha fungua waraka upya. Mara nyingi tatizo linaishia hapo.

Unajuaje kwamba fonti haipo? Katika LibreOffice, weka kishale kwenye maandishi na utazame kisanduku cha fonti juu: jina likiwa limelala mlazo, fonti hiyo haiko kwenye kompyuta hiyo. Katika Word nenda File, Options, Advanced, ushuke hadi kitufe cha Font Substitution, nayo itakutajia fonti zinazokosekana.

*Angalizo:* Word na LibreOffice zote zinaweza kuifungasha fonti ndani ya faili. Kwa Word ni File, Options, Save, kisha tia alama kwenye Embed fonts in the file. Kwa LibreOffice ni File, Properties, kichupo cha Font. Inasaidia, lakini faili linakuwa zito, na si kila programu itakayoijali fonti uliyoifungasha. Usiitegemee peke yake.

Hatua ya 4: Acha kupanga kwa kitufe cha nafasi

Nikiulizwa ni kosa gani moja ambalo watu wakiliacha meza yangu itapumua, ni hili. Mtu anataka anwani yake ikae upande wa kulia wa barua, anabonyeza nafasi mara arobaini. Anataka kuanza ukurasa mpya, anabonyeza Enter mara kumi na nane. Kwenye skrini yake panapendeza. Lakini nafasi hizo arobaini zina upana wa fonti ile, kwenye programu ile. Zikihamia kwingine, anwani inapinda kama mlevi wa njia, na ukurasa mpya unaanzia katikati.

Kwanza yaone yaliyofichika. Katika Word bofya alama ya ¶ iliyo kwenye kichupo cha Home. Katika LibreOffice bonyeza Ctrl na F10. Katika Google Docs nenda View, chagua Show non-printing characters. Kila nukta unayoiona kati ya maneno ni nafasi moja, na kila ¶ ni Enter moja. Ukiona nukta zimepangana kama punje za tasbihi, hapo ndipo pa kurekebisha:

1. Anwani upande wa kulia. Futa nafasi zote. Teua mistari ya anwani, fungua mpangilio wa aya, na kwenye ujongezaji wa kushoto andika sentimita 10. Mistari yote itaanzia sehemu moja, na itabaki hapo popote.
2. Ukurasa mpya. Futa Enter zote za ziada, weka kishale pale unapotaka kukata, bonyeza Ctrl na Enter.
3. Nafasi kati ya aya. Bonyeza Enter mara moja tu. Kisha kwenye mpangilio wa aya weka nafasi ya baada ya aya, pointi 6 au 8.
4. Bei au tarehe zinazopaswa kujipanga kulia. Weka kituo cha Tab cha kulia kwenye rula, kisha ubonyeze Tab mara moja. Ukihitaji vidoto vinavyoelekea kwenye bei, chagua vidoto kwenye mpangilio wa Tab. Usivichape kwa mkono.
5. Sahihi mbili zinazokabiliana, ya mwenyekiti huku na ya katibu kule. Tengeneza jedwali la safu mbili, andika ndani yake, halafu ondoa mistari ya jedwali. Hii imewaokoa watunza kumbukumbu wengi wa vyama.

Kusafisha waraka uliokwisha kujaa nafasi: bonyeza Ctrl na H, kwenye kisanduku cha juu chapa nafasi mbili, kwenye cha chini nafasi moja, badilisha zote. Rudia mpaka programu ikuambie hakuna tena. Njia hii ni ile ile kwa Word, LibreOffice na Google Docs.

Hatua ya 5: Vichwa vya sehemu viwe vichwa kweli

Wengi hutengeneza kichwa kwa kukoza wino na kuongeza ukubwa. Macho yanakiona ni kichwa, lakini programu haijui. Teua mstari wa kichwa, kisha bonyeza Ctrl, Alt na 1 kwa Word au Google Docs, au Ctrl na 1 kwa LibreOffice. Sasa ni kichwa cha daraja la kwanza. Kwa vichwa vidogo tumia 2 na 3 badala ya 1.

Fonti ya waraka mzima nayo ibadilishe kwenye mtindo wenyewe. Katika LibreOffice bonyeza F11 ili orodha ya mitindo ifunguke, bofya kulia kwenye Default Paragraph Style na uihariri. Katika Word bofya kulia kwenye Normal, chagua Modify. Ukibadilisha hapo, waraka wote unafuata, na mpokeaji naye akitaka kubadilisha, anabadilisha mahali pamoja.

Wewe mwanafunzi mwenye ripoti, hatua hii usiiruke. Orodha ya yaliyomo inayojitengeneza yenyewe hutegemea vichwa hivi. Iliyochapwa kwa mkono itakusaliti siku ya kuwasilisha.

Hatua ya 6: Yabane majedwali, zitulize picha

Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Toa pambizo mbili za sentimita 2.5, unabaki na sentimita 16. Jumla ya safu zote za jedwali isizidi 16. Ile safu ya jumla ya kina mama ingekuwepo kama mtu angepiga hesabu hiyo.

1. Katika Word, bofya ndani ya jedwali, nenda Layout ya jedwali, AutoFit, chagua Fixed Column Width. Sasa safu hazijinyooshi zenyewe.
2. Katika LibreOffice, fungua Table, Properties, uiondoe Alignment kwenye Automatic, kisha uandike upana wa jedwali na wa kila safu kwa sentimita.
3. Usiweke jedwali ndani ya jedwali. Usiunganishe seli isipokuwa huna namna.
4. Picha, nembo na muhuri uliopigwa picha viketi ndani ya mstari kama herufi. Katika Word chagua In Line with Text. Katika LibreOffice bofya kulia kwenye picha, Anchor, As Character. Picha inayoelea juu ya maandishi ndiyo inayoruka ukurasa.

Visanduku vya maandishi, maandishi ya mapambo ya WordArt na michoro ya SmartArt viache kabisa kama waraka utahaririwa kwenye programu nyingine. Ukivihitaji sana, vigeuze picha kwanza. Zile CV zenye ukanda wa rangi upande mmoja, zinazopakuliwa tayari kutoka intaneti, nyingi zimejengwa kwa visanduku vinavyoelea. Nimewaona vijana wakizipenda, na nimeziona zikifunguka zikiwa zimepandiana maandishi. CV iliyonyooka, yenye vichwa na aya, humfikia mwajiri ikiwa nzima.

Hatua ya 7: Nambari

Nambari za kurasa ziwekwe kwa menyu ya Insert, si kwa kuchapa. Orodha ziwe za kujihesabu zenyewe. Vitone vya orodha viwe vile vya kawaida, nukta nyeusi au kistari, kwa kuwa vile vya tiki na mikono hutoka kwenye fonti maalumu kama Wingdings na huweza kugeuka visanduku vitupu.

Hatua ya 8: Hifadhi kwa aina sahihi

1. Unaandika LibreOffice na utauendeleza waraka peke yako: weka `.odt` iwe ya kwako, kisha utoe nakala ya kupeleka.
2. Unabadilishana na watu wa Word: nenda File, Save As, chagua Word ya `.docx`. Programu ikikuuliza kama unataka kubaki na aina hiyo, kubali.
3. Hilo likiwa jambo lako la kila siku, nenda Tools, Options, Load/Save, General, na uchague `.docx` iwe ya kudumu.
4. Google Docs: File, Download, kisha chagua Word au PDF.
5. PDF kutoka LibreOffice: File, Export As, Export as PDF. Ndani yake kuna chaguo la kufungasha faili la `.odt` ndani ya PDF. Mpokeaji anaiona PDF, nawe baadaye unaifungua kwa LibreOffice na kuendelea kuandika. Kwa mtu anayetembea na flashi moja, huo ni msaada mkubwa.

*Makosa ya kuepuka:* usibadilishe aina ya faili kwa kuandika upya herufi za mwisho za jina. Kuita `barua.odt` kwa jina la `barua.docx` hakulibadilishi lolote ndani. Pia usipeleke `.doc` ya zamani ila ukiombwa hivyo.

Hatua ya 9: Ufungue kwingine kabla ya kuutuma

Pakia `.docx` yako kwenye Google Drive, uifungue. Ulitumia Google Docs? Basi ifungue nakala yake kwa LibreOffice. Linganisha vitu vitatu tu: idadi ya kurasa, neno la mwisho la kila ukurasa, na safu ya mwisho ya kila jedwali. Vikilingana, uko salama. Visipolingana, umejua ukiwa nyumbani na bado una wakati.

Marekebisho yaliyowekwa alama na maoni ya pembeni, yapitishe au yafute kabla ya kutuma nakala ya mwisho. Nimeona barua ya ofisi ikifika kwa mteja na majadiliano ya bei yakionekana pembeni.

Hatua ya 10: Tuma

Kwa WhatsApp, tuma kama Document, wala si picha ya skrini. Ukienda saiba, chukua PDF ya kuprinti pamoja na `.docx` ya dharura, zote mbili. Mwambie mhudumu aprinti ile PDF.

Ukiwa na Kiarabu ndani ya waraka

Sehemu hii naiandika kwa ajili ya walimu wa madrasa na kamati za harusi, maana miongozo mingi haiwagusi. Mtihani wenye maagizo kwa Kiswahili na maswali kwa Kiarabu huvurugika kwa namna yake.

Aya ya Kiarabu iwekewe mwelekeo wa kulia kwenda kushoto kwa kitufe cha mwelekeo wa aya. Kuipeleka kulia tu hakutoshi: nukta na mabano yatakaa upande usiofaa. Kama kitufe hicho hukioni katika LibreOffice, nenda Tools, Options, kwenye mipangilio ya lugha, uwashe maandishi changamano, yaani Complex text layout.

Word na LibreOffice hushika fonti na ukubwa wa Kiarabu mbali na wa herufi za Kilatini. Ndiyo sababu ustadhi hubadilisha ukubwa kuwa 18 na Kiarabu kikakataa kukua. Fungua dirisha la fonti, utafute sehemu ya Complex scripts au CTL, uweke ukubwa pale.

Kuhusu fonti, Liberation haina herufi za Kiarabu, kwa hiyo ile hesabu ya mbadala wa upana sawa haifanyi kazi hapa. Traditional Arabic nayo, ambayo wengi wetu tuliizoea, haiji tena na Windows 10 mpaka uiongeze kama nyongeza. Chukua Amiri au Scheherazade New, zote za bure, na uzisakinishe kwenye kila kompyuta utakayoitumia. Na ile Bismillahi iliyo alama moja nzima, usiitumie kwenye mwaliko utakaohaririwa: fonti isiyokuwa nayo huonyesha kisanduku kitupu mahali pa jina la Mola. Iandike kwa herufi zake, au iweke kama picha. Mwaliko wa kwenda kuchapishwa uwe PDF daima.

Ukiandika kwa simu

Programu za WPS na Google Docs za simu zinatosha kuandikia. Kwa kupangia majedwali na kurasa, kwa maoni yangu, hazitoshi, kwa sababu skrini ndogo haikuonyeshi ukurasa kama utakavyokuwa kwenye karatasi. Andika maneno yote kwa simu, uyasahihishe, kisha mpangilio ufanye kwenye kompyuta, hata kama ni dakika ishirini za kulipia. Ukilazimika kumaliza kwa simu, weka A4, tumia Arial, usiweke jedwali, na utoe PDF pale pale kwenye simu.

Mambo yakiharibika

*Kurasa zimeongezeka.* Tazama ukubwa wa karatasi kwanza, fonti pili, pambizo tatu. Kwa mpangilio huo huo. Usianze kupunguza ukubwa wa herufi.

*Maneno ya mstari mmoja yameachana sana.* Aya imenyooshwa pande zote mbili na mstari umekatwa kwa Shift na Enter. Washa alama zilizofichika, ufute kishale kilichopinda, ubonyeze Enter ya kawaida.

*Word haikubali niandike.* Kuna ukanda wa njano juu, kwa kuwa faili limetoka kwenye intaneti au barua pepe. Kama unamwamini aliyekutumia, bofya Enable Editing.

*Juu pameandikwa Compatibility Mode.* Faili ni la aina ya zamani. Nenda File, Info, Convert, kisha ukague kurasa tena, kwa kuwa mpangilio unaweza kusogea kidogo.

*Orodha ya yaliyomo ina nambari zisizo sahihi.* Bofya ndani yake na ubonyeze F9 katika Word. Katika LibreOffice bofya kulia, chagua Update Index.

*Ukurasa mmoja ulikuwa umelala na sasa umesimama.* Word hugawa waraka kwa sehemu, LibreOffice hutumia mitindo ya ukurasa, na tafsiri kati ya hizo mbili hukosea mara kwa mara. Rudisha ulalo kwenye programu ya mwisho itakayotumika. Kama ni ukurasa mmoja tu wenye jedwali pana, toa ukurasa huo kama PDF ya peke yake.

*Nimenakili kutoka kwenye tovuti na fonti zimechanganyika.* Bandika bila mpangilio: Ctrl, Shift na V kwa Google Docs na Word mpya, Ctrl, Alt, Shift na V kwa LibreOffice. Yaliyokwisha kubandikwa, yateue na ubonyeze Ctrl na M katika LibreOffice, au Ctrl na nafasi katika Word.

*Word inasema faili limeharibika.* Kama liko kwenye flashi, linakili kwenye kompyuta kabla ya kujaribu lolote, kwa sababu flashi inayokufa haikupi nafasi ya pili. Kisha jaribu kulifungua nakala hiyo kwa LibreOffice, ambayo mara nyingine hulifungua faili lililokataliwa na Word. Likifunguka, lihifadhi kwa jina jipya. Likikataa, lipakie Google Drive ujaribu huko. Na likikataa kote, tafuta lile ulilowahi kumtumia mtu kwa WhatsApp au barua pepe. Nimeshaokoa ripoti mbili kwa njia hiyo, na zote zilikuwa zimekaa kwenye simu ya dada wa mwenyewe.